Viyoyozi Mia Mbili vya Sinza

Jumatatu, 3 Februari

Sijamwambia mtu. Hata Mungu nimemgusia tu. Nataka kuwa fundi wa majokofu na viyoyozi.

Basi. Nimeandika.

Mama anaamini nasubiri nafasi ya ualimu. Ofisini kwake huwaambia wenzake kuwa Koku ni mpole, watoto watampenda. Watoto wananiogopesha! Wanauliza maswali. Mashine haiulizi.

Ilianza benki, mwaka jana. Nje watu walikuwa wanagombana kwenye foleni, jua kali. Walipoingia ndani wakapoa, wakaombana radhi. Nikatazama juu, nikakiona kile kisanduku cheupe kinapuliza. Nikasema moyoni: hii ndiyo kazi.

Ada ya cheti ni laki saba pamoja na vifaa. Mama anaweza kukopa kwenye kikoba chao hapa Madale. Lakini mkopo ni mmoja kwa mwaka, na wa mwaka huu ameshaupangia bati za jikoni. Kwa hiyo ni bati au mimi. Na masika yanakuja.

Lazima nimletee hesabu isiyokatalika.

Lusungu wa jirani, tuliyemaliza naye kidato cha nne, anakwenda kusomea famasi. Leo kanisemesha uani, nikajibu "eeh" tu kila swali. Akasema mgonjwa akinisikiliza mie hatahitaji dawa ya usingizi. Nikajibu eeh.

Jumanne, 4 Februari

Siku tukufu! Nimekwenda Sinza. Baa na gesti kila kona, na kila ukuta umebeba visanduku vya nje vya viyoyozi, feni zinazunguka. Nimetembea na karatasi: jina la jengo, idadi, fedha. Niliishia mia mbili. Havikuisha, kiu ilinizidi.

Kusafisha kimoja ni elfu thelathini. Kila kimoja mara moja kwa mwezi, bila shaka. Jumla milioni sita! Mkopo na riba yake nitamaliza kwa siku nne. Siku ya tano nanunua bati. Siku ya sita Mama anaacha kazi.

Kuna baa moja sikuviona vya nyuma. Mlinzi alikuwa ananitazama sana. Nitarudi kesho kukamilisha.

Jumatano, 5 Februari

Nimekamatwa.

Nilikuwa juu ya kreti la soda, nachungulia ukuta wa nyuma wa ile baa. Mlinzi, Abdulrahman, akanishika mkono. Kumbe wiki iliyopita wezi walikata mabomba ya shaba ya viyoyozi viwili, wakayauza kwenye vyuma chakavu. Akaniuliza namhesabia nani. Nikasema shikamoo. Akauliza tena. Nikasema shikamoo tena.

Ofisi ya serikali ya mtaa ilijaa watu. Mwenyekiti akaisoma karatasi yangu kwa sauti: majengo, idadi, na fedha pembeni. Akavua miwani. "Jamani, siku hizi genge lina mhasibu!"

Mama akapigiwa simu, akaja mbio na kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni. Akaniita Kokushubila, jina lote. Nikajua nimekwisha.

Nikasema, kwa sauti ya mbu, kwamba nilikuwa napima kama nitaweza kulipa mkopo. Mama akauliza mkopo gani. Nikasema ambao sijakuomba bado.

Mtu akacheka dirishani. Lusungu! Amefuata nini Sinza huyu?

Aliyeniokoa ni Bwana Burhan, mwenye duka la viyoyozi jirani, anayevitengeneza vya ile baa. Aliitwa aitazame karatasi kama mtaalamu. Akaisoma, akaisoma tena. Akasema, "Muachieni. Huyu si mwizi. Mwizi anajua bei."

Sijawahi kutukanwa nikashukuru hivyo.

Alhamisi, 6 Februari

Leo asubuhi Mama akaniambia nivae vizuri. Tukarudi Sinza, dukani kwa Bwana Burhan. Akamwambia, "Kaka, mwanangu mfanyie hesabu ya kweli, nisikie na mie."

Hesabu ya kweli inauma. Hakuna anayesafisha kila mwezi. Wanamwita fundi maji yakishamdondokea mteja kitandani. Na malipo ni mwisho wa mwezi. Mwezi gani, hawasemi. Baridi ya Julai ikija, simu inanyamaza. Anayeanza atashika ngazi kwa elfu kumi kwa siku, siku zenye kazi. Ukitoa nauli na chakula, mkopo unaisha baada ya mwaka na mwezi.

Siku nne zangu! Nilitazama sakafu.

Bwana Burhan akaniuliza kama bado naitaka kazi. Nikasema ndiyo. Niliisema kwa nguvu mpaka mteja wa nyuma akageuka.

Mama akaniangalia kama mtu aliyeletewa mtoto mwingine.

Jumamosi, 8 Februari

Kikoba kimekaa uani kwetu. Desturi yao, mkopaji asimame aseme sababu mbele ya wote. Mama akasema ada ya binti, ufundi wa viyoyozi. Bi Mauwa, mhazini, akauliza si zilikuwa bati? Mama akasema bati zitavuja mwaka mmoja zaidi, sufuria anazo za kukinga.

Nililia kidogo. Nikasingizia vitunguu.

Kisha Bi Mauwa akataka binti mwenyewe aseme atalipaje. Nikasimama. Mwaka na mwezi, nikasema, Julai kazi hakuna. Wakatazamana. Wakasema angalau huyu hadanganyi.

Kila mkopo unataka wadhamini wawili, na wa pili alikosekana. Bi Mauwa mwenyewe akajitolea. Friji lake la aiskrimu limekufa tangu Krismasi, atanidhamini, nitamtengenezea. Nikakubali papo hapo. Sijawahi kuona friji kwa nyuma.

Mkopo umepita!

Jumapili, 9 Februari

Nimepata ada. Nimepata pia busara. Nimekaa kanisani nikafikiri kosa langu lilikuwa nini, na nimeliona wazi: nilikwenda mchana, watu wakinitazama.

Bwana Burhan ni mtu mzuri, lakini hesabu yake ni ya Sinza. Temeke hajaipima. Kule kuna maghala yenye vyumba vya baridi. Vikubwa! Huenda mwaka na mwezi ukawa wiki mbili, na Mama akapata bati kabla ya masika.

Kesho nakwenda alfajiri, walinzi wakiwa bado wamesinzia. Nitavaa nguo nyeusi. Nimeshachukua tochi ya Mama, na bisibisi ya kuchungulia ndani.

Tafadhali wewe unayesoma, baki na siri hii. Usimwambie Lusungu. Usimwambie Mama. Na Bi Mauwa zaidi ya wote, maana yeye ndiye mdhamini.