Bahari Iitwe Mkutanoni Ijibu Kuhusu Komeo Langu

Ndugu Katibu wa Kamati ya Wakazi,

Nakusalimu kwa heshima zote. Naomba barua hii uisome kwa sauti mbele ya mkutano, uisome yote, na kila nilipoweka nukta, upumue. Ilikuwa niwe nanyi hapo uani, kwenye kiti cha mbele, nikitoa hotuba yangu kuhusu utunzaji wa ngazi. Badala yake niko mita tisa juu ya vichwa vyenu. Mkiinua macho mtaniona kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, nimevaa koti na tai. Mimi nawaona vizuri sana. Mwenyekiti ameanza kusinzia na ajenda ya kwanza bado haijafunguliwa.

Nilitoka hapa nje saa tisa na nusu ili niijaribu hotuba penye hewa. Nikauvuta nyuma yangu ule mlango wa kioo wa kusukuma kando, nikauvuta kwa nguvu kidogo, kwa kuwa siku hizi hautembei bila kulazimishwa. Nilipomaliza hotuba, nikajipigia makofi, nikageuka kuingia. Mlango ukagoma. Simu iko ndani. Naisikia ikiita nyuma ya pazia.

Mtauliza kwa nini sipazi sauti. Waheshimiwa, kanuni ya nane ya jengo hili inamkataza mkazi yeyote kupiga kelele kutoka roshani, na mnamkumbuka aliyeitunga. Mtu mliyempa jina la Mkaguzi, aliyekagua shule kwa miaka thelathini na mmoja, havunji kanuni yake mwenyewe kwa ajili ya kipande cha chuma. Kwa hiyo naandika nyuma ya karatasi za hotuba, na barua nitaishusha kwa kikapu cha vibanio na kamba ya kuanikia nguo.

Jambo lenyewe ni la haraka. Mke wangu anarudi leo saa kumi na moja. Wiki sita zilizopita alikwenda kwa binti yetu kumpokea mjukuu. Siku ya kuondoka alisimama na sanduku mkononi, akaniambia: "Baba watoto, huu mlango usiuguse. Mwite fundi. Nikirudi nikute unafunguka na unafungika, la sivyo nageuza sanduku hili hili narudi kwa mjukuu. Yule analia, lakini habishi."

Wakazi wenzangu, nimekula mayai ya kuchemsha kwa wiki sita. Nimejisomea magazeti kwa sauti na hakuna aliyenipinga hata sentensi moja. Sitaki sanduku lile ligeuke. Malalamiko yangu ni haya.

1. Dhidi ya komeo lenyewe. Kwa miezi miwili ndoano yake imelikosa tundu lake kwa unene wa ukucha. Nimelibembeleza, nimelipuliza, nimelisemesha. Halikufunga hata siku moja. Nyumba yangu imelindwa na mti mmoja mnyoofu wa fagio, ambao jioni naulaza ndani ya reli ya mlango ili usisukumike, na asubuhi nausimamisha kando ya pazia. Mti huo nausifu hadharani. Hauna kutu, hauna springi, wala haujawahi kunisaliti. Komeo, kinyume chake, limengoja nusu saa kabla ya mkutano, mimi nikiwa nje, ndipo likakumbuka kazi yake. Komeo lisilofunga kabisa tungesema lina uvivu. Lakini komeo linalopumzika miezi miwili ili lifunge siku hii, saa hii, hilo lina nia.

2. Dhidi ya fundi wa alumini. Alikuja, nakiri. Aliuinua mlango kidogo kwa bisibisi, akatega sikio kama daktari, akasema: "Mkaguzi, hili komeo unalionea bure. Mlango umekaa chini. Magurudumu yameliwa na chumvi, halafu aliyeufunga alitia skrubu za chuma kwenye alumini. Kwa hewa hii ya bahari, vitu hivyo viwili havilali chumba kimoja, kimoja lazima kimle mwenzake." Akaniandikia orodha: magurudumu ya nailoni, skrubu zisizoshika kutu, brashi ya kusafishia reli. Orodha ilikuwa na makosa kumi na moja. Nikayazungushia wino mwekundu, nikampa alama, nikamwomba airudie kwa mwandiko safi. Hii ni wiki ya tatu sijamwona, na nasikia siku hizi anapitia barabara ya nyuma. Nauliza mkutano: watu wasiopenda kusahihishwa watatufikisha wapi?

3. Dhidi ya ushauri wa bure. Jirani yangu muuguzi, wa ghorofa ya nne, aliniambia niweke mafuta. Hakusema mafuta gani. Nikamimina ya kupikia, kikombe kizima, ndani ya reli. Kwa siku mbili mlango uliteleza hadi nikaona aibu kwa kuwa nilikuwa nimemwita fundi. Siku ya tatu vumbi, mchanga na chumvi vilifanya kikao humo relini, vikatoka na azimio la gundi. Kisha wakaja sisimizi, kwa mstari, kwa nidhamu kuliko wajumbe fulani. Nilipomlalamikia muuguzi alicheka mpaka akashika ukuta. "Mkaguzi, umeukaanga mlango!" Hakuna dalili ya majuto.

4. Dhidi ya bahari. Hapa ndipo ulipo mzizi, nami naomba utulivu. Komeo limeharibiwa na kutu. Kutu imeletwa na unyevu. Unyevu umeletwa na bahari, ambayo iko mitaa miwili tu kutoka hapa na haijahudhuria mkutano wetu hata mmoja. Inaingia bila hodi. Imekula bawaba za kabati langu, imekula fremu ya miwani, imekivimbisha kitabu cha kanuni hadi kinasimama chenyewe mezani, na nishani yangu ya utumishi mrefu sasa ina rangi ya mchicha. Wahenga walituambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumeishi na mgeni huyu miaka yote. Nani kati yenu amewahi kuipa bahari jembe?

5. Dhidi yenu. Mlijua, mkanyamaza.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, naomba mkutano uazimie mambo manne, na uyaazimie upesi. Bahari iandikiwe barua ya onyo, na nakala ibandikwe pale maji yanapofika yakijaa, isije ikadai haikuiona. Ipewe siku kumi na nne kurudi nyuma mitaa minne. Ikikaidi, basi jengo letu ligeuzwe lielekee upande mwingine, ili bahari ione mgongo. Hewa yoyote inayopita getini ijiandikishe kwenye daftari la wageni na iache unyevu wake kwa mlinzi. Na la nne, ambalo ndilo kubwa: kamati initolee cheti chenye mhuri, kabla ya saa kumi na moja, kinachothibitisha kwamba kosa la mlango huu ni la bahari na kwamba hakuna mkono wa binadamu ulioshiriki. Nitakuwa nimekishika mke wangu atakapoingia. Baada ya hapo, mkipata nafasi, mtu anaweza kupanda kunifungulia. Lakini cheti kitangulie.

Nisalimie mwenyekiti akiamka. Nisalimie wajumbe wote, mlinzi wa getini, watoto waliosimamisha mpira ili wanitazame, na hata muuguzi, ambaye namwona kutoka hapa akicheka tena na sijui anacheka nini. Fundi mkimwona barabara ya nyuma, mwambieni alama zake zinaweza kujadiliwa.

Ni mimi mkazi mwenzenu, niliye karibu nanyi kwa macho na mbali nanyi kwa ngazi,

Mkaguzi, Ghorofa ya Tatu

Nyongeza. Kabla sijakifunga kikapu, mke wangu ameingia. Alipitia mlango wa nyuma wa jengo, ana ufunguo wake, na gari lilimfikisha mapema. Amelivuta pazia, akanitazama kupitia kioo nikiwa na tai yangu, akainama, akaokota kitu relini, akausukuma mlango mara moja, ukafunguka. Alichookota ni mti wa fagio. Niliusimamisha asubuhi kama kawaida. Nilipouvuta mlango kwa nguvu, mti ukaanguka ukalala relini, mahali pale pale nilipoufundisha kulala kila jioni. Komeo amelichezesha mbele yangu likayumba kama jino la mtoto. Halijafunga kitu leo wala juzi. Kisha ameisoma barua yote, akauliza: "Mkaguzi gani huyu asiyekagua sakafu ya chumba chake?" Niliomba kuichana. Akanikumbusha kwamba kwa miaka thelathini na mmoja niliwafundisha walimu kuwa kosa halichanwi, linasahihishwa kwa maandishi, na amenisimamia hapa roshani nisahihishe. Nasahihisha. Komeo halina hatia. Fundi alisema kweli, na makosa yake kumi na moja hayakumfungia mtu nje. Bahari iachwe ilipo. Sifa zote za mti katika kifungu cha kwanza naziondoa, pamoja na fagio, ambalo mke wangu ameuliza kichwa chake kiko wapi. Kuhusu sanduku, bado liko katikati ya sebule. Hajalifungua, hajaligeuza.

Nyongeza ya nyongeza. Naandika haraka. Kabla ya kutoka kuja kunisimamia, mke wangu aliusimamisha ule mti kando ya pazia kwa mikono yake, akisema, "Unasimamishwa hivi, tazama, siyo kama unavyotupa wewe." Kisha akauvuta mlango nyuma yake ili mbu wasiingie. Sote wawili tumesikia mti ukilala. Amejaribu mlango mara tatu. Mkoba wake wenye simu na funguo uko ndani, juu ya sanduku. Ameniamuru nisiandike neno lolote kuhusu hili.

Tafadhali mleteni fundi, na orodha yake aiandike apendavyo. Lakini asifanye haraka. Mama watoto amekaa juu ya ndoo niliyoipindua, upepo wa bahari unampepea, ameanza kunisimulia jinsi mjukuu anavyopiga chafya, na tayari amenipinga mara mbili. Ninaomba jambo moja tu liingizwe katika kumbukumbu za mkutano, kwa wino usiofutika: safari hii mlango ameufunga yeye.