Mota ya Nasoro na Miguu ya Kalaba

Jumatatu, 6 Mei 1974

Habari njema. Mama Chileshe, kiongozi wa kikundi cha animasyo, ngoma za kukisifu chama, hapa mtaani kwenye kartie yetu, anatafuta fundi wa kushona sare za wachezaji kwa sikukuu ya chama, tarehe 20. Kikundi kizima! Nikiipata kazi hii, kibanda changu cha ushonaji kimepona. Nikiikosa, mwisho wa mwezi nafunga na kurudi kushona dukani kwa shemeji Abibu, anayenikagua hadi vifungo. Heri njaa. Hapana, si njaa. Lakini kwa Abibu sirudi.

Mama Chileshe ana sharti moja. Fundi atacheza na kikundi Jumamosi, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, ajue nguo inabana wapi na kuchanika wapi. Tuko wawili tu: mimi, na fundi Kalaba wa ng'ambo ya barabara. Mzee huyo ana miaka sitini na ushee. Kutwa anapiga pedali ya mashini yake ya kushona, na shambani kwake Kasungami anakwenda kwa miguu. Damu yake ameimaliza, maskini. Mimi hata hamsini na mbili sijafika, na tangu mwaka jana mashini yangu inaendeshwa na mota ya umeme. Miguu imepumzika kisultani. Damu yote iko akiba.

Nimeshinda tayari.

Jumatano, 8 Mei

Mazoezi, uwanja wa shule. Wimbo wa kwanza haujafika katikati, mashavu ya miguu yakakaza kama yameshikwa na koleo. Nikachuchumaa, nikatoa utepe, nikajifanya napima pindo la kikwembe alichojifunga Mama Chileshe. Akauliza kama kwetu Maniema watu wanapimwa wakiwa hewani. Wanawake wakacheka mpaka ngoma ikapotea.

Kalaba alikuwa anaruka tu, hata hahemi. Akaniinamia, akasema pole, mudogo. Mudogo, mimi! Sipendi kuhurumiwa mbele ya wanawake.

Alhamisi, 9 Mei

Dispensari. Muuguzi Yuma alinipandisha na kunishusha ngazi za baraza mpaka nikaomba msamaha. Halafu akanieleza. Msuli ukifanya kazi unaita damu, na mishipa inapaswa kufunguka iipitishe. Kwa kijana inafunguka upesi. Umri ukienda, inakuwa mizito kufunguka, damu inachelewa, msuli unalia. Lakini anayeitumikisha miguu kila siku, mishipa yake inaendelea kutii hata uzeeni. Ya mtu wa kukaa tu inasahau kazi. Nikamwambia yangu ina akiba. Akasema damu haiwekwi mguuni kama mahindi ghalani.

Dawa yake: nitoe mota, nipige pedali. Kila jioni nitembee polepole upande wa Karavia, nikiumwa nipumzike, kisha niendelee. Nikaomba sindano. Akasema sindano ya uvivu haijaletwa bado.

Njiani nikatafakari. Kumbe shida ni kuita damu. Yuma hakusema ni lazima niiite kwa pedali.

Ijumaa, 10 Mei

Maji ya moto na pilipili. Nimesugua kuanzia goti hadi kisigino. Damu imekuja, wallahi! Miguu ikawaka. Amida, mke wangu, akauliza kama najipika.

Nikaenda msikitini nimejaa furaha. Safu yetu nzima ikaanza kupiga chafya, na mzee Zuberi aliye kando yangu akatokwa machozi. Baada ya sala akanisifu kwamba nimemfanya alie kwa toba. Sikumsahihisha.

Jioni nikamwonyesha Yuma. Akatikisa kichwa. Eti damu nimeiita kwenye ngozi, msuli bado unangoja. Watu wengine wana wivu na uvumbuzi wa wenzao.

Jumamosi, 11 Mei

Mpango wa mwisho: kutotembea kabisa. Asubuhi yote kitandani. Saa ya kwenda, nikakodi pusupusu la kubebea makala ya kupikia, nikasukumwa hadi uwanjani miguu ikiwa mipya. Suruali nyeupe ikafika nyeusi.

Kalaba alikuja kwa miguu moja kwa moja kutoka Kasungami, gunia la mihogo kichwani. Jasho tele. Moyoni nikasema huyu amekwisha. Kumbe mwenzangu alikuwa amekwisha pasha mwili, mishipa imefunguka zamani, na mimi yangu ilikuwa bado imelala nyumbani.

Wimbo wa pili nikaanguka. Nilishika kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa kikwembe cha Mama Chileshe. Nikalala chini ya bendera. Mjumbe wa chama akapiga makofi, akatangaza kwamba sitwayen Nasoro, mwananchi wa kweli, ameangushwa na furaha ya mapinduzi. Kila mtu akapiga makofi. Mama Chileshe hakupiga. Alikuwa ameshikilia kikwembe kwa mikono miwili.

Kazi imekwenda kwa Kalaba. Nimelia, na sioni haya kuandika. Namwona Abibu anahesabu vifungo.

Jumapili, 12 Mei

Kalaba amekuja na nusu ya vitambaa. Anasema peke yake hataweza kumaliza, tugawane kazi na malipo sawasawa. Amida akamkalisha, akamletea bukari, ugali wetu, na samaki. Niliona haya, halafu nikamkasirikia kwa wema wake.

Akaomba jambo moja tu, nitoe mota nipige pedali. Akasema, “Mudogo, mutu anashona na miguu, mikono inasaidia tu.” Nikaapa. Alipovuka barabara nikafunga mlango na kuwasha mota. Nikawa natikisa goti dirishani, akitazama adhani napiga pedali.

Jumanne, 21 Mei

Sikukuu imepita. Hakuna sare iliyochanika. Kibanda ni changu, Abibu atafute mtu mwingine. Mama Chileshe amesema mwaka ujao sharti ni lile lile, na safari hii hakuna kugawana.

Basi nimefikiri. Maneno ya Yuma nimeyaelewa vizuri kuliko Yuma mwenyewe. Mguu usiopiga pedali, mishipa yake inasahau kazi. Mwaka mmoja unatosha. Leo asubuhi nimemfungia Kalaba mota yangu kwenye mashini yake, zawadi ya shukrani. Nikamwambia yaya, kaka yangu mkubwa, umri wako sasa ni wa kupumzika. Mzee alinikumbatia, macho yamejaa machozi. Anajaribu kushona, ameweka miguu yote miwili juu ya stuli. Inapendeza sana.

Amida ameuliza mimi nitashona na nini. Wanawake hawaoni mbali. Kesho nakwenda mpakani Mokambo kwa lori kununua mota nyingine, kubwa kuliko ile.