Malalamiko Juu ya Kozi Iliyofukuza "Nzuri" Nyumbani Kwangu

Lameki Nyagawa,
Mkulima wa Parachichi,
Upande wa Ilembula,
Njombe.

Kwa Mwalimu Nathanieli,
Darasa la Jioni la Kiingereza cha Juu,
Makambako.

YAH: MKE WANGU KUFUNDISHWA KUSIMULIA MIKASA

Ndugu Mwalimu,

Kamwene. Natumaini u mzima, darasa ni zima, na upepo wa Makambako haujaondoka na bati lenu hata moja. Mimi huku sijambo, na parachichi zilizobaki hazijambo. Usishangae nikianza hivi. Ndivyo mtu aliyelelewa anavyoanza, na hapo ndipo ugomvi wangu na wewe ulipo.

Mke wangu Hosiana, ambaye mimi humwita Mama Letisia, ni katibu wa kikundi chetu cha wakulima. Wanunuzi wa nje walipotuma taarifa kwamba wanakuja kuona mashamba yaliyopigwa na mvua ya mawe, kikundi kilimleta kwako ajifunze kueleza hasara ile kwa Kiingereza kinachoingia moyoni. Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono kukubali. Nilidhani atarudi na maneno mawili matatu ya mvua na majani. Amerudi hana "nzuri". Na nyumba yangu, Mwalimu, ilisimama juu ya neno hilo. Tangu tuoane, ukiulizwa habari unasema nzuri, mengine yanajulikana taratibu yenyewe, na hatujawahi kugombana mbele ya watu.

Labda huko darasani mmesahau faida yake. Babu yangu alipofariki Lupembe, mjumbe alifika kwetu akaketi, akapewa chai. Akaulizwa habari za huko, akasema nzuri. Akaulizwa kama wote wazima, akasema wazima. Akaulizwa kama majani ya chai yanachumwa na lori linafika, akasema linafika, isipokuwa siku za utelezi. Kikombe kilipokwisha ndipo akasema, "Ila mzee hatunaye." Sote tulikuwa tumeshaketi na tumbo lina kitu cha moto. Hakuna aliyeanguka. Huo ndio ustaarabu, na sasa soma wewe mwenyewe umeufanya nini.

1. Wiki ileile ya kwanza Mama Letisia alirudi kutoka kwako, nikamwuliza habari za Makambako. Hakusema nzuri. Alisimama mlangoni, akashika kifua, akasema kwamba mbingu zilikuwa zimetanda, watu walikuwa wakipita huku na huku bila kujua kinachowangoja, na damu ilimganda. Nilivaa koti, nikachukua panga, nikamwuliza ni nani na amekimbilia wapi. Alikuwa anazungumzia mwavuli. Upepo uliugeuza nje ndani pale stendi.

Nilipomwambia mwavuli husimuliwa kwa kifupi, alinieleza kwamba Kiingereza kina namna yake ya kusema jambo lililokuwa likiendelea pale jingine lilipolivamia. Nikamwambia hata sisi tunayo, tunasema "mara". Akasema "mara" haitoshi. Nimetumia "mara" tangu utoto wangu na sijawahi kupungukiwa.

2. Maneno yako yamebandikwa nyumba nzima. Juu ya jiko kuna "devastated", yaani kuvunjika moyo kabisa. Mlango wa banda la mbuzi una "petrified", yaani kugandishwa na hofu, na kweli yule beberu siku hizi ananitazama kwa wasiwasi. Asubuhi moja mke wangu alikuwa akifanya mazoezi ya sauti uani, habari yenyewe ikiwa ni mbwa aliyekula dagaa. Jirani yetu Tabea hajui Kiingereza, lakini kilio anakijua. Kabla chai haijachemka uani palijaa wanawake waliojifunga khanga viunoni, wamebeba unga na kuni. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Mzee Polikarpo, alikuja na benchi la kanisani, na vijana waliomfuata wenye majembe waliniuliza kwa upole kaburi lichimbwe upande gani.

Nilieleza kwamba hakuna aliyekufa. Wakanipa pole zaidi, wakidhani nimechanganyikiwa. Na wewe ni mtu wa huku, unajua unga wa msibani haurudi ulikotoka. Ikabidi upikwe, ukaliwa, watu wakaimba, Mzee Polikarpo akasema maneno machache ya faraja. Mbwa alihudhuria.

3. Ugonjwa umeenea. Tabea naye amejiandikisha kwako. Anasema aliona aibu kufika kwenye msiba mzuri vile bila kuelewa chanzo chake. Denis anayetupitishia maziwa naye ni mwanafunzi wako, na sasa ukimsalimia anakueleza jinsi baiskeli ilivyokaribia kumpeleka kaburini pale darajani, mpaka maziwa yanaganda. Juzi kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti aliuliza habari za asubuhi, na ajenda haikuanza mpaka saa ya chakula.

4. Hili la nne linanikera kuliko yote matatu. Ulimfundisha somo la mambo ambayo hayakutokea lakini yangeweza kutokea. Mwalimu, yaliyotokea hayatutoshi? Sasa kila jioni anaanza na "kama". Kama lile tawi lingekatika, kama yule nyoka asingekuwa kamba, ungekuwa mgane, Baba Letisia. Nimekuwa mgane mara nyingi kabla ugali haujaiva.

5. Wageni wakaja. Mama Letisia alisimama kati ya miti iliyopigwa, akaeleza mvua ya mawe, na nakiri wanunuzi walishika vichwa. Tuliposhukuru na kuketi kunywa chai, mama mmoja mgeni akamwuliza kitu. Mke wangu akaanza kusimulia upya, safari hii kwa sauti ya chini, na akawa ananitazama mimi. Wageni wote wakageuka kunitazama. Sikuelewa hata neno. Nilijua kwamba ninasemwa. Nikapitia moyoni makosa yangu yote niliyoyakumbuka, nikachagua mawili yaliyostahili. Yule mama alisimama, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, macho yamemjaa machozi, akaniuliza jambo. Nikamjibu kwa Kiingereza chote nilicho nacho. Nilisema, "Fine."

Nitasema wazi, niliogopa. Mwanamke uliyeishi naye miaka yote hii anaongea habari zako kwa lugha usiyoijua, na watu wanalia. Niliona ameshavuka ng'ambo, mimi nimebaki huku na "nzuri" yangu mkononi.

Wageni walipokuwa wakikagua miti ya chini nilimshika Abel, dereva wao, nikamwomba anieleze. Akaniambia Mama Letisia alisimulia safari yetu ya hospitali ya Ilembula. Ni ya zamani, Letisia wetu akiwa bado anatambaa. Mama yake alishikwa na homa, mvua haikatiki, gari hakuna. Nilimpakia kwenye baiskeli, mnyororo ukakatika kabla ya mto, nikambeba mgongoni mpaka hospitalini. Nilikuwa naimba nyimbo za kanisani, na kila tulipomaliza kilima nilimwuliza habari za huko nyuma, naye akanijibu nzuri. Alipotibiwa, tukarudi, mama mkwe akauliza habari za safari. Tukasema nzuri, tumefika salama. Ikaishia hapo.

Kumbe haikuishia. Abel anasema aliwaambia wageni kwamba hapakuwa na nzuri hata moja. Kwamba alikuwa haoni mbele, na alijibu vile ili nisikate tamaa. Akawaambia pia kwamba nilikuwa naimba ili asisikie ninavyolia, na alisikia. Mwalimu, siri hiyo niliitunza vizuri sana. Nilikuwa na uhakika mvua imeificha. Halafu akamalizia kwa lile somo lako la "kama": "Kama asingenibeba, leo nisingekuwa hapa kuwaeleza habari za parachichi."

Unaona sasa madhara yake? Mambo tuliyokuwa tumeyafunga vizuri kwa neno moja, wewe umeyafungua mbele ya wanunuzi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, umwondoe Mama Letisia darasani kabla ya somo la mwisho, ambalo nasikia ni la kusimulia jambo ambalo hujapata kumwambia mtu. Pili, umpe "nzuri" yake airudishe nyumbani ikiwa salama. Tatu, uje mwenyewe umweleze Mzee Polikarpo habari za mbwa, kwa sababu mimi haniamini tena.

Nisalimie wanafunzi wote, wenye hofu na wasio na hofu. Msalimie mkeo, na umwulize habari. Akisema nzuri, shukuru Mungu ungali salama. Beberu anakusalimu.

Wako katika utulivu mdogo uliobaki,

Lameki Nyagawa
(Baba Letisia)

Tanbihi: Barua hii anakuletea Mama Letisia mwenyewe, kwa kuwa Alhamisi anakuja darasani na sina mwingine wa kumtuma. Ameniuliza nimeandika nini, nimemwambia ni salamu tu. Tafadhali usimwondoe. Niwekee na mimi kiti, hata kile cha nyuma karibu na mlango unaopitisha upepo. Mengine yote nitayavumilia, ila nataka lile somo la "kama". Tangu wageni waondoke najaribu kumwambia kwamba pale mtoni magoti yalikuwa yamekwisha, na kama asingenijibu nzuri ningeketi kwenye tope naye mgongoni na tusingeinuka. Kila jioni nasafisha koo. Ananitazama, ananiuliza, "Habari, Baba Letisia?" Nami namjibu nzuri.