Ncha Nne za Fimbo ya Babu

Jumatatu, 3 Juni
Nimekuwa mtaalamu wa fimbo za snuka, ule mchezo wa mipira mezani. Siku tatu za kusoma, basi. Iliyoungwa kwa mkono utaijua pale mbao nyeusi ya mshikio inapopanda juu ya ile nyeupe: ncha zake zina mviringo, kama za vidole. Ni kazi ya randa, polepole. Ya mashine ina ncha kali, zote sawasawa, kama meno ya msumeno. Nikamwelezea binamu yangu, tunayemwita Mjuaji. Eti analijua hilo tangu shule. Mwongo.

Jumanne, 4 Juni
Nimekagua fimbo ya Babu. Bibi alimpa mwaka waliooana. Klabuni Babu hamwachi mtu bila kumwambia: hii imeungwa kwa mkono, mke wangu alimtafuta fundi mwenyewe. Ncha nne. Zote kali. Nikakaa sakafuni. Babu kaniuliza kama tumbo linauma. Nikasema kidogo. Kaniletea chai.
Na Jumamosi Mjuaji anakuja klabuni kukagua fimbo za wazee, mbele za watu. Babu ataumbuka.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata dawa. Dawa ya viatu, nyeusi. Nimezichorea ncha mviringo kwa kibrashi cha kope cha dada, juu nikapaka vanishi. Babu anajua nimeisafisha tu. Ncha laini kama vidole vya kichanga. Nina kipaji, sijui kwa nini hawanioni.

Jumamosi, 8 Juni
Vanishi haikukauka. Kumbe haishiki juu ya mafuta. Babu huipapasa fimbo kabla ya kupiga, kisha hujishika shavu. Kiganja cheusi, shavu jeusi. Wazee hoi kwa kicheko. Mjuaji akachukua kitambaa, akafuta, meno ya msumeno hayo. Akafungua mdomo. Bibi naye ndiyo kwanza anaingia mlangoni.
Babu akamwahi Mjuaji. Akamwambia kwa upole akapime macho, fimbo hii ni ya mkono, na anayebisha ashike yake wacheze. Mjuaji kapigwa michezo mitatu mfululizo. Hakubisha tena.
Njiani Babu akaniambia alijua tangu siku ya kwanza. Fundi alimdanganya Bibi. Mkewe kashona sare za watu mwaka mzima aipate hiyo fimbo, angemwambiaje? Akaniomba nifunge mdomo. Nikaapa. Nikasingizia vumbi machoni.

Jumapili, 9 Juni
Nimefunga mdomo siku nzima. Sikujua naweza.
Mchana nilikula kwa Bibi. Alikuwa amevaa mkufu aliopewa na Babu siku ya harusi. Dhahabu tupu, anasema, huku anauzungusha kidoleni. Nikautazama vizuri. Nimesoma mahali kwamba dhahabu halisi haivutwi na sumaku. Kesho akisinzia kwenye kiti nitaujaribu, kimyakimya, kwa mapenzi tu.
Sumaku anayo Mjuaji. Nimeshamwambia ya nini.