Wimbo wa Toba Kutoka Mtandaoni

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya ukumbi mzima wa Lindi mjini. Na kitenge nilikuwa nimevaa kipya!

Nianzie mwanzo, maana namjua mmoja wenu, Felista, ataniuliza maswali.

Kama mnavyojua, nafundisha sekondari huku Mitwero na kwaya ya shule ni yangu. Kila mwaka kwenye mashindano tunapigwa na kwaya ya Mwalimu Chilumba wa Rasbura, yule mwenye tai ndefu. Mshindi anakwenda kuimba Mtwara. Sisi tunarudi Mitwero.

Mwaka huu nikasema hapana. Mjini wamefungua kafe ya intaneti, kompyuta nne, nzima mbili. Mwezi uliopita niliingia, nikaandika neno moja tu: Lindi. Ikanipeleka kwenye maktaba ya chuo kimoja cha Ulaya, ambacho kimepiga picha makaratasi yake ya kale na kuyaweka humo. Ndugu zangu, humo kuna kila kitu! Utafiti wa ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho. Utafiti wa majongoo bahari. Utafiti wa ile mifupa mikubwa ya dinosaria iliyochimbwa milimani kwetu. Mtu mwingine kaandika kitabu kizima kuhusu mikeka ya Kilwa. Nilisahau hata kula.

Halafu nikaiona karatasi ya muziki. Noti za kuandikwa kwa mkono, wino umefifia, na juu kuna muhuri wenye neno Lindi. Maelezo yake yalikuwa ya Kijerumani (nikayaruka). Kurasa zilikuwa kumi na mbili. Ulifunguka mmoja, umeme ukayumba, nikauchapa ukurasa huo huo kabla umeme haujakatika.

Pembeni mwa karatasi paliandikwa neno moja: Tuba.

Nikacheka peke yangu. Mzungu kashindwa kuandika "Toba"! Wimbo wa toba, wa hapa hapa Lindi, uliosahauliwa. Na nani kaupata? Mimi.

Ulikuwa wimbo wa ajabu kidogo, nakubali. Noti zilikuwa mbili tu, za chini sana, wavulana walikuwa wanazitafuta kwenye visigino. Maneno haukuwa nayo, nikaweka yangu: "Tubu! Tubu!" Kisha palikuwa na alama ya kunyamaza, na juu yake namba kumi na sita. Yaani unahesabu moja, mbili, tatu, nne, mara kumi na sita, bila kutoa sauti.

Zuhura, dada mkuu wa shule, aliniuliza, "Madamu, kweli tunyamaze muda wote huo?"

"Zuhura, toba si kelele. Hapo mtu anajihesabia makosa yake."

(Nilijibu hivyo bila hata kufikiri. Huo ndio ubaya wangu.)

Basi leo mchana ukumbi umejaa. Mgeni rasmi mbele, kavaa suti. Majaji watatu. Chilumba na tai yake. Kwaya yake ikaimba vizuri kama kawaida. Tukaitwa sisi.

Ningeweza kuimbisha tu. Lakini hapana, nikaomba kipaza sauti.

"Mgeni rasmi, wimbo huu ni matunda ya utafiti," nikasema. "Wenzetu wanaimba vya redioni. Sisi tumekwenda kwenye hazina za kale." Nikamtazama Chilumba. Akatazama viatu vyake. Raha niliyoipata hapo siwezi kuieleza.

Tukaanza. "Tubu! Tubu!" Kimya.

Watoto arobaini wamesimama wima, midomo inahesabu. Ukumbi ukasubiri. Mtu akakohoa. Mtoto mchanga akauliza kitu kwa lugha yake. Nyuma wakaanza kupiga makofi wakidhani tumemaliza, na mshereheshaji akasema, "Asanteni sana, wimbo mfupi lakini..."

"TUBU! TUBU!"

Mshereheshaji akaangusha karatasi zake. Kimya tena.

Safari hii mgeni rasmi akaamua kuokoa jahazi. Akainuka, akafunga kifungo cha koti, akaja kutupa mkono. Mimi, jamani, bila kugeuka vizuri, nikamnyooshea kiganja kama trafiki. Mgeni rasmi! Akasimama pale pale, katikati ya ukumbi, uso kwa uso na kwaya. Na hesabu ikatimia.

"TUBU! TUBU!"

Ukumbi ulilipuka. Jaji mmoja alilaza kichwa mezani, mabega yanatikisika. Mgeni rasmi akajibu, "Nimesikia," akarudi kukaa.

Hapo ndipo akasimama babu mmoja kwenye viti vya wazazi, kofia kichwani, mgongo umenyooka. Baadaye nilijua kuwa ni Mzee Hamisi wa Mchinga, babu yake Zuhura, aliyepiga tarumbeta jeshini miaka mingi. Akasema kwa adabu kabisa:

"Mwalimu, samahani. Hiyo karatasi imeandikwa nini pembeni?"

"Toba, mzee. Wamekosea herufi moja. Wameandika Tuba."

"Hawajakosea, mwanangu. Tuba ni lile tarumbeta kubwa la kukumbatia, linalosema pu, pu, kisha linawasubiri wenzake." Akakuna kidevu. "Hao wenzake umewaacha wapi?"

Kurasa kumi na moja. Nimewaacha mtandaoni.

Sikumbuki nilivyoshuka jukwaani. Nakumbuka Chilumba alinipa maji. Alikuwa analia kwa kicheko, machozi ya kweli. Mtwara anakwenda yeye. Sisi jaji katupa alama zote za nidhamu, akasema hajawahi kuona watoto wanaonyamaza kwa pamoja namna ile.

Nilipotoka nje nikamkuta Mzee Hamisi ananingoja. "Shikamoo," nikasema, macho chini. "Marahaba. Twende kwenye hiyo mashine." Kwa hiyo nawaandikia kutoka kafe, naye yuko kiti cha pili. Kurasa zote zimefunguka. Kasoma ule wa kwanza, akaupiga mluzi mwanzo hadi mwisho, na kijana wa kafe kaanza kutikisa mabega. Si toba, jamani. Ni dansi! Tena dansi tamu kweli, na Jumatatu mzee anakuja shuleni kutufundisha yote.

Funzo nililopata: ukiokota karatasi ya kale, iulize kwanza ina ndugu wangapi. Na wewe Felista, nakuomba kwa heshima, usimsomee mumeo, atanicheka mpaka mwakani.