Kiti cha Gavana na Mume Wangu Aliyekikalia

Ndugu Msimamizi wa Jumba la Kale la Gavana,

Natumaini wewe na mazulia yako mekundu hamjambo. Sisi hatujambo kidogo.

Mwezi uliopita nilitembelea jumba lenu na mume wangu, fundi bomba, mtu mpole asiye na makuu. Mwongoza wageni wenu, kwa ukarimu wake, akafungua kamba na kumruhusu akalie kiti cha gavana apigwe picha. Tangu hapo, aliyerudi nyumbani simjui. Malalamiko yangu ni haya:

1. Haingii tena jikoni. Anakaa sebuleni, na chai ikichelewa anauliza ni idara gani inayohusika. Idara ni mimi.

2. Bomba la jikoni linavuja. Nilipomweleza, fundi huyu alinijibu kwamba suala langu limepokelewa na linashughulikiwa. Ndoo imejaa.

3. Amefunga kamba mlangoni mwa sebule, kama ile yenu. Mdogo wake, anayelala kwenye kochi letu tangu alipokuja kututembelea kwa wiki moja mwaka juzi, sasa anapiga hodi kwa kaka yake wa tumbo moja na kuambiwa aje kesho. Binti yetu naye ameomba miadi ya kusaidiwa hesabu.

4. Juzi nilimkuta akipunga mkono dirishani. Nje hakukuwa na mtu ila mbuzi wa jirani.

Ndugu Msimamizi, nilikuwa na mume, sasa nina serikali. Waliosema ukipenda boga penda na ua lake hawakuolewa na gavana. Namkumbuka yule aliyekuwa akikaa kwenye kigoda karibu na jiko, akinichekesha mpaka natoa machozi bila kitunguu. Naomba mumwite, mumvue madaraka kwa heshima zote, ikibidi kwa hafla fupi, na kile kiti mkifungie.

Nisalimie walinzi, mtunza bustani na yule mwongoza wageni mkarimu. Mwambie sina kinyongo, ila tusikutane.

Wako katika kutawaliwa,
Mke wa Fundi Bomba

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, shemeji yangu amebeba begi lake na kuhama, akisema nyumba hii ina urasimu mno. Kochi liko wazi! Tafadhali msimvue mtu madaraka, maana dada yao naye ametuma salamu kwamba yuko njiani. Bomba nitaita fundi. Ila kamba aliyofunga mlangoni ni yangu ya kuanikia nguo, kwa hiyo kama mnayo ya ziada kama ile yenu, naomba mniletee kabla shangazi mtu hajafika.