Nani Atapiga Risasi za Verlin?

Jumatatu, 9 Septemba

Habari njema! Mzee Orrin anahamia Arizona kwa ajili ya magoti yake. Kiti cha mwalimu wa kujaza risasi (baruti na kichwa kipya ndani ya ganda lililokwisha kupigwa) pale klabu ya walenga shabaha kiko wazi. Nimekimezea mate miaka mingi. Sasa ni zamu yangu.

Uchaguzi ni Jumamosi. Desturi ni ileile: kila mgombea anaweka mezani sanduku la risasi alizojaza kwa mkono wake, na wanachama wanachukua za yule wanayemwamini, wakazipige. Sanduku likiisha kwanza, mwenyewe ndiye mwalimu. Ugumu upo hapo. Hapa Montana mtu atakuazima trekta, atakuazima hata kitanda chake, lakini risasi uliyoijaza wewe haipigi ng'o. Ikijazwa vibaya hulipua bastola mkononi, na watu wanavipenda vidole vyao.

Mpinzani ni mmoja tu, Twyla Brandvold. Mjane, sauti kama honi ya lori, majivuno hadi kwenye visigino. Namhurumia.

Jumanne, 10 Septemba

Siri ya ushindi: urembo. Kichwa cha risasi kina mfuo kiunoni. Twyla na wenzake hukizamisha ndani ya ganda mpaka mdomo wa ganda ufike kwenye mfuo, kisha huubana mdomo ushike hapo. Eti bastola kubwa ikirusha teke, kichwa kisichobanwa hujivuta nje. Uzushi mtupu! Vyangu nimeviacha virefu, vinang'aa, mfuo wote nje. Kubana sikubani. (Mara ya mwisho nilipobana, maganda yalijikunja kama soksi.)

Nimefanya jaribio. Nimekisukuma kichwa kimoja kwa dole gumba. Hakikutikisika. Sayansi hiyo!

Mke wangu Arlys alichungulia, akauliza kama kile kitabu cha maelekezo nimeshakifungua. Nikamjibu kitabu ni cha wanaoanza. Akasema basi kinanifaa, maana mimi hata kuanza bado.

Alhamisi, 12 Septemba

Asubuhi nimekwenda mgahawani kufanya siasa. Nikawanong'oneza wafugaji wawili kwamba Twyla ni mwoga, kila risasi anaipima mara mbili na kuibana kama kizibo cha chupa ya sumu. Wakatikisa vichwa polepole. Nikajua imewaingia. Kisha mmoja akanishukuru, akasema alikuwa hajui amchague nani, sasa amejua.

Kumbe Twyla mwenyewe alikuwa meza ya nyuma, anakula pai. Akapaza sauti: "Endelea kunipigia kampeni, Verlin bwana! Kahawa yako juu yangu!"

Nimeinywa kwa hasira. Pai hakuninunulia.

Ijumaa, 13 Septemba

Watu ni kondoo. Mmoja akitangulia, wote watafuata. Nimemwendea Gaylen, kaka yake Arlys, mwenye bastola nyepesi yenye teke la punda. Akasema ananipenda, mimi ni shemeji yake, lakini hata mama yake mzazi angejaza risasi, yeye asingezipiga. Nikamwahidi pikapu yangu msimu mzima wa kuwinda. Haikutosha. Nikaongeza friza. Akakubali kupiga sita, basi, ila kwanza apewe nafasi ya kumuaga mkewe. Ukoo huu kwa kejeli!

Jumamosi, 14 Septemba

Nimeumia. Naandika huku nimejifungia chooni.

Masanduku mawili mezani. Langu linapendeza, kila mtu aliona. Lake la kawaida kabisa, risasi fupi fupi, zimebanwa midomo kama watoto waliokatazwa kusema. Watu wakapita mbele ya langu, wakasalimia, wakachota kwenye la Twyla. Hata kasisi!

Gaylen akachukua sita zangu, uso umempauka. Akalilenga bati la shabaha. Ya kwanza, paa! Bati likalia. Ya pili, paa! Bati likalia. Nikaanza kuwaza maneno ya hotuba yangu. Ya tatu, paa! Ya nne, kimya. Silinda, kile kigurudumu kinachobeba risasi, imegoma kuzunguka. Kwa mateke yale matatu, kichwa cha risasi mojawapo kilikuwa kimejivuta, kikatokeza nje ya silinda na kukwama kwenye fremu ya bastola.

Bastola iliyokwama na risasi ndani si mchezo. Orrin akapiga filimbi, hakuna kusogea. Gaylen akabaki amenyoosha mikono kuelekea kwenye kilima cha udongo kama sanamu, Orrin anamzunguka na kurunzi. Maharage na nyama za chakula cha mchana vikapoa. Ndipo ile sauti ya honi ya lori ikalia nyuma yangu:

"Verlin! Haya maganda uliyabana, au uliyaombea dua tu?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikawaeleza kwa utulivu kwamba kosa ni la bastola. Gaylen, bila kugeuza shingo, akanikumbusha nani aliyenikubalia nimwoe dada yake, na kwamba kibali hicho kinaweza kutazamwa upya.

Walipofanikiwa kuifungua, sanduku la Twyla lilikuwa tupu. Langu limepungua sita tu. Orrin amenipiga marufuku kuleta risasi zangu uwanjani mpaka nihudhurie darasa. Darasa la Twyla! Mimi! Na pikapu Gaylen kaondoka nayo vilevile. Friza anaifuata kesho.

Jumatano, 18 Septemba

Nimehudhuria. Nilikaa mstari wa mbele ili nimkosoe kwa karibu.

Maajabu! Somo halijaanza vizuri, Twyla akatoa mfukoni mojawapo ya zile zangu za Jumamosi, akaipitisha mkono kwa mkono. Darasa zima wakaishika. Wakaigeuza, wakaipima, wakaisogeza dirishani. Mama mmoja akaipiga picha, kisha akauliza ni kazi ya nani. Twyla akanionyesha kwa kidole, wote wakageuka kunitazama. Risasi yake yeye ilikaa mezani saa nzima, hakuna aliyeigusa. Aliongea mengi kuhusu "mfano", sikuyasikiliza yote, furaha ilinizidi.

Upepo umegeuka. Nimerudi nyumbani nikajaza nyingine hamsini. Vichwa nimevitoa nje zaidi kidogo, wapate kuviona vizuri.